Kigingi cha Utepe Mwekundu

Mtungi ulisema "pak" mbele ya wagonjwa kumi na wanne waliokuwa kwenye benchi la zahanati wakingoja zamu. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu. Lakini kibanzi cha udongo kiliruka kikamwangukia mzee mmoja mapajani, na kwenye tumbo la mtungi kikabaki kishimo cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kesho yake vikaruka vibanzi viwili. Siku ya nne maji yakaanza kutambaa sakafuni, na muuguzi akauzungushia mtungi shuka kuukuu, akaubeba kifuani kama mtoto mwenye homa, akaurudisha kwa aliyeufinyanga.

"Mama, sikuja kulaumu," alisema, akiuweka chini taratibu. "Ila wagonjwa wameanza kuniuliza kama maji yetu yana kitu."

Angesema mtungi ni mbaya, Mama Mitungi angemeza. Lakini mtu kuogopa maji ya kunywa kwa sababu ya kazi ya mikono yake, hilo lilimchoma hadi kwenye mfupa.

Mama Mitungi ana jina lingine, la kwenye vyeti, lakini ukiliulizia mtaani watu watakutazama kama umeshuka kwenye mbingu ya tatu. Ana miaka hamsini na minane, mabega mapana, na viganja ambavyo hata akivisugua kwa sabuni na jiwe bado mistari yake hubaki na rangi ya kijivu. Kufinyanga alifundishwa na mamamkwe akiwa bi harusi wa miezi miwili. Mamamkwe huyo hakuwa mtu wa maneno. Katika miaka ishirini alimsifu mara moja tu, na sifa yenyewe ilikuwa maneno matatu: "Huu utashika maji." Mama Mitungi aliibeba sifa hiyo kama wengine wanavyobeba vyeti.

Nyumba yake ina vyumba viwili vya kulala na kimoja cha kazi. Cha kazi ndicho kikubwa. Humo kuna rafu za mbao zilizopinda katikati kwa uzito, magunia yaliyolowa yakifunika mitungi isiyokauka, ndoo tatu za udongo zilizopangwa kwa umri wa udongo wenyewe, na dirisha moja linalotazama bondeni kwenye kinamasi. Anayekanda udongo siku hizi ni binti yake wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye kila mtu humwita Kitinda.

Udongo wa kufinyanga si tope tu. Ungekuwa tope tu, kila anayetumbukia mtaroni angetoka na mtungi. Kinamasi hupokea maji ya mvua kutoka vilimani yakiwa na haraka na uchafu wake wote, kisha huyaambia, kwa namna yake, tulieni. Maji yanapita kati ya matete, yanapungua mbio, mchanga unatua kwanza, halafu chembe ndogo, halafu zile ndogo kuliko unga. Miaka na miaka, punje juu ya punje. Ukichimba tope jeusi hadi mkono uzame kwapani, chini yake unakuta udongo wa kijivu ulio laini kama siagi. Huo ndio mamamkwe alikuwa akiuita "wa nyumbani", kama vile udongo mwingine wote duniani ni mgeni.

Na wachimbaji wa udongo huo walikuwa na sheria yao. Usiache shimo wazi. Ukitoa udongo, rudisha vigae. Ukisogeza kitu cha mtu, kirudishe kikae vizuri kuliko ulivyokikuta. Kwa hiyo kila mtungi uliovunjika ulipondwapondwa ukarudi kinamasini kuziba shimo ulikotoka, na chini ya matete yale kuna mitungi ya vizazi vitatu imelala vipande vipande.

Barabara ilipokuja, Mama Mitungi alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, tena kwa mikono miwili. Barabara ya zamani ilikuwa na mashimo ya kumeza gurudumu. Alikuwa akifunga mitungi kumi kwa nyasi, akiisindikiza kwenda sokoni, na ikifika saba alishukuru. "Nafinyangia barabara," alikuwa akisema. "Yeye ndiye mteja wangu mkubwa, na hata asante hajui."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipata kazi ya kushika kibendera penye magari ya ujenzi. Upande mmoja wa kijani, upande mwingine mwekundu. Kazi hiyo ilimpanda kichwani.

"Shemeji, mimi siku hizi mtu na gari lake la vioo vyeusi namwambia simama, anasimama," alimwambia.

"Nyumbani kwako je? Mkeo anasimama?"

"Kwa mke wangu bendera ni nyekundu pande zote mbili," alijibu shemeji, na chai ikampalia kwa kucheka.

Kabla ya magari walikuja wapimaji. Ilikuwa kiangazi, kinamasi kimenywea, na kijana mwembamba aliyepachikwa jina la Jicho Moja, kwa sababu muda wote alikuwa amefumba la kushoto akichungulia kwenye mtambo wa miguu mitatu, alipita akipigilia vigingi. Kimoja, chenye utepe mwekundu na namba 217, alikipigilia chini kabisa, kwenye kijibonde ambako maji hupita mvua ikinyesha. Kwa bahati, au kwa mkosi, kijibonde hicho kilikuwa pembeni mwa shimo ambalo Mama Mitungi alikuwa akichimba udongo wiki hiyo.

Alikuja asubuhi na jembe lake akakikuta. Alikitazama. Kikibaki pale, tope la shimo lingekimeza. Kwa hiyo alikichomoa kwa heshima zote, akachimba udongo wake, akalijaza shimo vigae kama ilivyo sheria, kisha akatafuta mahali pazuri pa kukirudisha kigingi cha watu. Akaona kituta kikavu, hatua sita tu kutoka pale. Akakipigilia kwa jiwe, wima, akakaza na utepe uliokuwa umelegea. Aliondoka akijisikia ametenda jambo la ustaarabu. Jambo lenyewe alilisahau kabla hajafika nyumbani.

Miezi ikapita. Magari yakamwaga kifusi na mashine zikakishindilia, tuta la barabara likakatisha kinamasi kama ukuta. Udongo wa bondeni ukilowa huwa uji, kwa hiyo mafundi walileta chokaa, mifuko kwa mifuko, wakaichanganya na udongo wa tuta ili ukaze. Chini ya tuta wakaweka kalvati, bomba la zege la kupitishia maji. Kisha mvua zikaja.

Upande wa juu wa barabara maji yalikaa yakajaa. Matete yalizama hadi shingoni yakabaki yakipunga ncha. Upande wa chini, ambako Mama Mitungi alichimbia, kulitokea kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu aolewe: katikati ya mvua, kinamasi kilipasuka nyufa. Vyura wote walihamia upande wa pili, na mtu akiwasikia jioni alidhani wanamcheka. Maji pekee yaliyoingia upande wa chini ni yale yaliyoteremka mgongoni mwa tuta, meupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele.

Mama Mitungi aliyaona hayo yote, na hakuyaunganisha. Udongo ulikuwa mgumu kuchimba lakini bado ulikuwa wa kijivu. Akafinyanga mitungi sita ya zahanati, ikatoka tanurini inang'aa, ukiigonga inaimba. Wiki tatu baadaye ndipo wa kwanza ukasema "pak".

Muuguzi alipoondoka, alimgeukia Kitinda.

"Umekanda kwa haraka."

"Mama, nimekanda kama ulivyonifundisha."

"Umeacha vijiwe."

"Sasa mbona vidole vyako havikuvikuta? Umefinyanga wewe." Kitinda hakupandisha sauti, ila alianza kupanga ndoo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Kama ni kosa tumekosa wote, mama. Usinitwishe peke yangu."

Mchana huo, mtungi wa pili, ambao ulikuwa rafuni na haujawahi kutiwa tone la maji, ulisema "pak" wenyewe. Wote wawili waliusikia.

Mama Mitungi aliokota kibanzi akakipeleka dirishani. Kwa nyuma, katikati kabisa, kulikuwa na kidoa cheupe kama punje ya chumvi. Akachukua kibanzi kingine: punje nyingine. Aliisugua kwa kidole ikawa unga. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kupaka nyumba chokaa anajua tabia yake. Chokaa iliyochomwa ina kiu. Ukiitia maji inapata joto na kufura. Punje ile iliingia tanurini ndani ya udongo, ikatoka na kiu yake, halafu taratibu ikaanza kunywa unyevu wa hewa. Ikafura. Ikatafuta nafasi. Na aliyebanwa ndani hutoka kwa mlango wowote.

Alikwenda kwenye ndoo ya udongo mbichi, akamega tonge, akalikausha juani, akalikamulia limau, kwa sababu limau ndilo alilotumia kutolea ukoko mweupe kwenye birika. Tonge likatoa mapovu, likawa linanong'ona: fss, fss.

"Kitinda," aliita. "Njoo usikilize."

Binti aliinama, sikio karibu na kiganja cha mama yake.

"Ni nini?"

"Ni barabara," alisema Mama Mitungi. "Mikono yako haina kosa. Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake, Alhamisi, alishuka bondeni akafuata maji meupe hadi yalikotoka. Alipanda tuta, akashuka tena, akasimama mbele ya mdomo wa kalvati. Ulikuwa mkavu. Upande wa pili maji yalikuwa yamejaa, lakini bomba lilikaa juu mno, kama mlango uliojengwa mahali pa dirisha. Maji yasipofika kwenye kizingiti hayaingii. Akatazama chini ya mdomo wa bomba, kwenye kituta kikavu ambapo bomba lilikaa. Alikijua kituta kile. Alikijua hadi jiwe alilopigilia nalo kigingi, ambalo bado lilikuwa pale.

Shemeji alikuwa mita hamsini kutoka hapo na kibendera chake. Alipoelezwa, alikikunja kabisa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe."

"Basi umeniambia mimi na nimesahau. Shemeji, lami inamwagwa Jumatatu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mitungi?"

"Chimba kwingine. Wakijua watasema umeharibu kazi ya watu. Watakufunga, halafu mimi ndiye nitakayekuletea chai huko ndani, na unaijua chai yangu."

"Hiyo peke yake ni kifungo."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa. Kisha shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Lami ikishakaa, hakuna atakayeifukua. Hilo nalijua. Usidhani sijui." Akamtazama mara moja, akarudi kwenye magari yake.

Mama Mitungi alikaa juu ya jembe lake pembeni mwa tuta. Aliwaza kwamba alikuwa amefuata sheria. Hakuacha shimo wazi, hakutupa kitu cha mtu. Alikirudisha vizuri kuliko alivyokikuta. Na hapo ndipo penye ajabu: laiti angekuwa mchafu, mvivu, akakitupa kigingi kwenye matete, wapimaji wangekitafuta, wangekikosa, wangepima upya. Usafi wake ndio uliowadanganya. Angeweza kunyamaza. Ni yeye na shemeji tu waliojua. Lakini kila ambapo angechungulia dirishani angeona nusu ya kinamasi inakufa kwa kiu na nusu nyingine inazama, na katikati yake kigingi chake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na yeye kilio chake kilikuwa kimeshaanza kusikika zahanati, kibanzi baada ya kibanzi.

Ofisi ya ujenzi ilikuwa kontena la bati lenye feni moja. Msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka bila ubaya.

"Mama yangu, kalvati lile limepimwa kwa mtambo."

Jicho Moja, aliyekuwa kwenye meza ya pembeni, hakucheka. Alifumbua macho yote mawili.

"Kigingi kilikuwa na utepe gani, mama?"

"Mwekundu. Kimeandikwa 217."

Kijana alivuta daftari, akafunua, akafunua tena. "Siku walipolaza bomba nilikuwa ruhusa. Mke wangu alikuwa anajifungua." Akamgeukia msimamizi. "Mlipima upya kimo?"

"Nilikuta kigingi, nikajenga kwa kigingi. Ulitaka nikihoji? Kigingi hakina miguu."

"Kilitumia yangu," alisema Mama Mitungi.

Msimamizi alikohoa. "Haya, tuseme kweli. Utathibitishaje? Huko kote ni tope."

"Twendeni na jembe."

Walishuka watatu. Alisimama kwenye kituta, akauweka mgongo kwa jiwe lake, akahesabu hatua sita kuelekea kwenye kijibonde, akaanza kuchimba mwenyewe, maana msimamizi alipotaka kumpokea jembe alimwambia, "Acha, wewe hujui nilipoanzia." Tope lililokauka lilikatika vipandevipande. Kisha jembe likalia: kwach. Alipiga magoti akatoa kigae, kingine, kingine. Shimo zima lilikuwa limejaa.

"Hapa ndipo nilipochimba, na nikaziba. Kigingi chenu kilikuwa kwenye ukingo huu."

Jicho Moja aliokota kigae kimoja chenye shingo ya mtungi. Kwenye udongo uliochomwa kulikuwa na alama ya kidole gumba. Alikitazama, akamtazama mama, akakitia mfukoni. Kisha alisimika mtambo wake, akafumba la kushoto.

"Sentimita sitini na mbili," alisema. "Bomba liko juu kwa sentimita sitini na mbili."

Msimamizi alivua kofia. Alama ya kofia ilimzunguka kipaji kama pete. "Mama, unajua naweza kuandika kwamba wewe ndiye uliyeharibu kazi?"

Alirudisha kigae kimoja shimoni. "Andika," alisema. "Ila usimwage lami kabla maji hayajapata njia."

Huenda maneno hayo peke yake yasingetosha. Watu wenye tarehe za kumaliza kazi hawabadilishwi na machozi. Lakini Jicho Moja alikuwa ameinama kwenye mguu wa tuta, akabonyeza kwa kidole, na kidole kikazama hadi pingili ya pili.

"Bosi, njoo uone. Maji ya upande ule yanapenya humu. Tuta linakunywa. Tukilivalisha lami hivi, mwaka hauishi tunarudi kuziba mashimo."

Msimamizi naye akabonyeza. Akabonyeza tena mahali pengine, kama daktari asiyependa alichokisikia. "Jumatatu haiwezekani," alisema mwishowe, akiliambia zaidi tuta kuliko watu. "Na kwenye ripoti nitaandika kigingi kilihama. Aliyekihamisha, na asiyekipima, na aliyejenga bila kuuliza. Wote watatu. Sitamwacha mtu nje, hata mimi."

Iliwachukua siku kumi na moja. Walikata tuta, wakalaza mabomba mawili mahali ambapo kigingi kilizaliwa, na pembeni wakachimba shimo la mawe la kunasia maji ya chokaa ili yatue humo kabla ya kuingia kinamasini. Siku maji yalipofunguliwa, nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Yalipita yakiwa ya kahawia, yenye povu na vijiti, yakaingia kwenye nyufa moja baada ya nyingine, na kinamasi kilitoa sauti ya mtu anayekunywa bila kupumzika.

Isidhaniwe kila kitu kilirudi. Maji yale ya kwanza yalizoa chokaa yote iliyokuwa imelala upande wa chini yakaitandaza juu ya machimbo ya mamamkwe. Mama Mitungi alimuuliza Jicho Moja itachukua muda gani kusafika.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi ni mtu wa vipimo. Hilo halimo kwenye mtambo. Labda miaka."

"Angalau umesema sijui," alijibu. "Wengi wangenipa tarehe."

Kabla hajaondoka, kijana alimwonyesha kigingi kipya, cha chuma, kilichomwagiwa zege mguuni. "Hiki usikiguse."

"Nikikikuta kimelala je?"

"Niite."

"Nikuite, nisikirudishe vizuri mwenyewe?"

"Mama," alisema Jicho Moja, "hasa usikirudishe vizuri."

Siku hizi anachimba upande wa juu, mwendo wa robo saa zaidi, na lazima avuke barabara na ndoo kichwani. Miezi ile ya mwisho ya ujenzi shemeji alikuwa akisimamisha magari kwa ajili yake, bendera nyekundu juu, uso mkavu. Dereva mmoja alimuuliza anapita mkubwa gani. Shemeji akajibu, "Mwenye udongo."

Kila udongo mpya kwanza hukaushwa tonge moja na kukamuliwa limau. Tonge la kwanza la upande wa juu, Kitinda ndiye aliyelishika. Walisogeza vichwa mpaka vikagusana, wakasikiliza. Halikusema kitu. Limau liliteremka tu pembeni, likadondoka.

Walifinyanga mtungi mmoja, mmoja tu. Ulipotoka tanurini waliuacha rafuni wiki nne, na ndani ya wiki nne hizo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvunja kijiti chumbani humo. Kisha Mama Mitungi aliubeba mwenyewe hadi zahanati, akaujaza maji, akaufunika, akaenda kuketi kwenye benchi kati ya mwanamke mwenye kikohozi na yule mzee wa kibanzi, ambaye alimtambua na kusogea kidogo kando, kwa tahadhari.

Zamu ziliitwa. Benchi lilipungua, likajaa, likapungua. Muuguzi alipita mara mbili, mara ya tatu akasimama.

"Mama, umekaa hapa tangu asubuhi. Unaumwa nini?"

"Siumwi," alisema Mama Mitungi, macho kwenye mtungi. "Nasikiliza."

Muuguzi alisimama pale naye akasikiliza. Mzee alinyanyuka, akajichotea kikombe, akanywa chote, akakirudisha juu ya kifuniko.